Hofu ya Hesabu Si Mali ya Kurithiwa

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wazazi na walezi wa Niboye, Kicukiro, mjini Kigali)





Mambo ambayo mzazi humwachia mwanawe ni mengi. Yako yaliyowekewa sheria, kama nyumba, shamba na mifugo, nayo hugawanywa kwa mafungu yaliyo wazi. Yako na mengine yasiyoandikwa popote: namna ya kucheka, namna ya kukunja uso, mapenzi ya chakula fulani. Hayo hayana kadhi wala mashahidi. Mtoto huyatwaa mwenyewe angali mdogo, na mzazi hana habari ya kuwa ameyatoa. Mazungumzo haya yahusu kimoja katika hivyo visivyoandikwa, nacho ni hofu ya hesabu.

Chukueni mfano wa nyumba moja, ambayo yaweza kuwa nyumba yoyote katika mitaa ya Niboye. Sala ya Magharibi imekwisha saliwa. Mama amerejea kutoka soko la Kicukiro alikouza mayai tangu asubuhi. Miguu yamuuma, na chungu ki motoni. Binti yake, aliye darasa la nne, aja na daftari. Mwalimu ametoa umukoro, kama watoto wa Kigali waiitavyo kazi ya nyumbani, na swali limeandikwa kwa Kiingereza: 156 zigawanywe kwa 12. Mama alitazama daftari lile kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama, akasema, "Mwanangu, mimi na hesabu tulikosana zamani. Hata bibi yako hakuziweza. Mngoje baba yako."

Baba akaja saa mbili ya usiku, amechoka, akatwaa kalamu ya risasi na kuanza kugawanya kwa njia aliyofundishwa yeye zamani kwa Kifaransa. Sasa, katika njia ile ya Kifaransa namba igawanyayo huandikwa mkono wa kuume na jibu hukaa chini yake. Katika njia ya Kiingereza namba igawanyayo hukaa mkono wa kushoto na jibu hupanda juu. Hesabu ni moja, lakini kwa macho ya mtoto wa miaka kumi hizo ni nyumba mbili zenye milango tofauti. Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mwalimu hakufanya hivyo." Baba akapandisha sauti. Chozi likaanguka juu ya karatasi. Mwisho jibu likaandikwa, 13, nalo ni sahihi, na asubuhi mwalimu atalitia alama ya kulikubali.

Lakini binti yule hakujifunza kugawanya usiku ule. Alijifunza ya kwamba hesabu ni jambo la kumtia baba hasira, na ya kwamba katika ukoo wao, kwa upande wa wanawake, hapana azijuaye.

Haifai kuwalaumu wazazi hawa kabla ya kutazama hofu yao ilikotoka. Katika zama za utawala wa Wabelgiji shule nyingi za Rwanda zilikuwa mikononi mwa misheni, na Waislamu wengi, wakichelea dini ya watoto wao, waliwapeleka chuoni kusoma Kurani na kisha wakawatia katika biashara. Ndipo akapatikana mzee wa Biryogo au wa Nyamirambo aliyeendesha duka la nguo miaka mingi kwa hesabu ya kichwa tu, asipotewe na senti, na bado akaapa ya kuwa hesabu hazijui, kwa sababu hakupata kukaa mbele ya ubao. Wako pia wazazi wa makamo ya leo ambao mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, walikuwa wangali katika shule za msingi. Shule zilifungwa, walimu wengi waliuawa, na watoto waliorudi darasani walirudi na mizigo iliyo mizito kuliko sehemu na desimali. Aliyekosa somo la kugawanya katika mwaka ule hakulikosa kwa uvivu. Kisha ikaja habari ya lugha. Mwaka 2008 Serikali iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwishoni mwa mwaka 2019 ikatangazwa ya kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza la msingi. Basi mzazi aliyejifunza hesabu kwa Kinyarwanda na Kifaransa hufungua daftari la mwanawe akajiona mgeni hata katika jumla na toa, mambo aliyoyajua vyema tangu utoto.

Kwa hiyo hofu ina asili yake na udhuru wake. Linalotisha ni kwamba yaambukiza, na yaambukiza hasa kwa mkono wa mapenzi. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza uchunguzi walioufanya juu ya watoto wa darasa la kwanza na la pili na wazazi wao. Waliona ya kwamba mtoto ambaye mzazi wake ana hofu ya hesabu, na mzazi huyo humsaidia mara kwa mara kazi za nyumbani, alijifunza hesabu kidogo zaidi katika mwaka ule, na mwisho wa mwaka akawa na hofu zaidi. Lakini mzazi mwenye hofu ile ile, ikiwa hakuwa akisaidia mara kwa mara, madhara hayo kwa mwanawe hayakuonekana. Habari hii ni chungu, maana mzazi aliyeacha hakudhuru, na aliyejitahidi usiku baada ya usiku ndiye aliyedhuru.

Wako watakaosema basi, heri kuwaacha watoto na walimu wao. La, hasha! Mwaka ule ule kikatoka kitabuni uchunguzi wa pili, wa watu wa Chicago vilevile, juu ya watoto 587 wa darasa la kwanza. Safari hii wazazi hawakuambiwa wasaidie kazi ya shule. Walipewa hadithi fupi fupi zenye hesabu ndani yake, za kusoma pamoja na mtoto wakati wa kulala, zilizowekwa katika mashine ndogo ya kushikwa mkononi. Wengine walipewa hadithi za kawaida zisizo na hesabu, ili ijulikane kama ni hesabu iliyoleta faida au ni kule kuketi pamoja tu. Mwisho wa mwaka waliosoma hadithi za hesabu walikuwa wamewapita wenzao, na faida kubwa zaidi ilionekana kwa watoto ambao wazazi wao ni waoga wa hesabu. Hata kwa kusoma mara moja tu kwa juma, tofauti ilionekana.

Yapasa kusimama hapa kidogo. Wazazi wa uchunguzi wa kwanza na wazazi wa uchunguzi wa pili walikuwa na ugonjwa mmoja. Wale walikaa na mtoto mbele ya kazi itakayotiwa alama, saa zimekwenda, jibu lazima lipatikane. Hawa walikaa naye kitandani, hapana alama, hapana mwalimu wa kesho, hapana aibu. Hofu hupenda kikao cha kwanza, na katika kikao cha pili haina pa kukaa.

Jinsi hofu ifanyavyo kazi yake yaeleweka na kila mtu aliyepata kuhesabu fedha huku akisemeshwa. Mtu akitaka kujumlisha 48 na 37 kichwani, akili yapaswa kushika mambo kadha kwa wakati mmoja: nane na saba ni kumi na tano, weka tano, shika moja, nne na tatu, ongeza ile moja. Mahali hapo pa kushikia mambo katika akili ni padogo, mfano wa meza ya mchuuzi wa barabarani. Hofu nayo huja ikatandaza bidhaa zake juu ya meza ile ile: baba amekasirika, nitakosea, nitachekwa. Ile moja iliyoshikwa huanguka chini. Mtoto akakosea, akisha kukosea, hofu yapata ushahidi, na kesho yaja na bidhaa nyingi zaidi. Hivyo mwenye akili timamu huonekana mjinga, na yeye mwenyewe akasadiki.

Sasa turudi kwa yule mama, kwa sababu kuna siri juu yake ambayo yeye mwenyewe haijui. Mchana wa siku ile, tuseme yai moja lilikuwa faranga 180. Mteja alitaka mayai saba, akatoa noti ya 2,000. Mama hakuandika kitu. Alisema moyoni: saba kwa mia mbili mbili ni elfu moja na mia nne, nimezidisha ishirini saba, yaani mia moja na arobaini, nikizitoa yabaki 1,260, chenji yake ni 740. Akamrudishia mteja fedha, akamgeukia mwingine. Jambo hili la kukwea mpaka namba nyepesi kisha kuteremka, walimu hulifundisha katika madarasa ya juu kwa alama za mabano, na wanafunzi wengi huliogopa. Mama yule hulifanya mara hamsini kwa siku, kisha jioni amwambia binti yake ya kuwa yeye na hesabu walikosana!

Wala si wanawake wa Kicukiro peke yao. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa habari za watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa katika masoko na barabara za mji wa Recife, nchini Brazili. Wataalamu walikwenda kwao kama wateja, wakanunua na kuuliza bei. Katika maswali hayo ya sokoni watoto walipata sawa 98 katika kila 100. Baadaye wakapewa hesabu zenye namba za namna ile ile, lakini zimeandikwa kama zilivyo shuleni. Wakapata 37 tu katika 100. Mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili aliulizwa sokoni bei ya nazi nne, nazi moja ikiwa fedha 35. Alijua ya kwamba nazi tatu ni 105, akaongeza ya nne, akasema 140. Alipoandikiwa 35 mara 4 juu ya karatasi, alifuata kanuni ya kuzidisha na kushika, akaichanganya, akaandika 200. Sokoni asingeweza kudai 200 kwa nazi nne, maana mteja angepiga kelele na yeye mwenyewe angecheka. Juu ya karatasi akili yake ya soko ilinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeialika.

Basi kazi ya mzazi mwoga ni kuialika. Mama wa mayai, badala ya kulitupa swali kwa baba, angeweza kusema: "Hebu nieleze kwa Kinyarwanda hapo wanataka nini." Mtoto angesema wanataka vitu 156 vigawanywe kwa watu 12. "Ala! Ni mayai haya. Nina mayai 156 na wateja 12. Tuwape kwanza kumi kumi. Yamekwenda mangapi?" Mia moja na ishirini. "Yamebaki mangapi?" Thelathini na sita. "Wateja kumi na wawili bado wamesimama, tuwape mangapi tena?" Matatu matatu. Kumi na matatu ni 13. Kisha mtoto ataandika kwa njia ya mwalimu wake, chini ya paa lile la Kiingereza, na ataona ya kuwa namba zake zafuata njia ile ile ya mayai. Mama hakuhitaji kujua Kiingereza wala njia ya shule. Alihitaji kuuliza tu.

Na kuuliza si ujinga. Liko neno moja ambalo wazazi wengi huona haya kulitamka mbele ya watoto, nalo ni "sijui". Imam Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 179 Hijria na ambaye watu walimwendea kutoka nchi za mbali kumuuliza, asifiwa katika vitabu kwa kutoona haya kusema "sijui". Lakini pana tofauti kubwa kati ya "sijui, nionyeshe ulivyofundishwa" na "sijui, kwetu hatuna vichwa vya hesabu". Neno la kwanza lafungua mlango, na mtoto akipewa nafasi ya kumfundisha mzazi hujifunza mara mbili. Neno la pili ni hukumu, nayo hupitishwa juu ya mtoto asiyepata kushitakiwa. Mwenye kuona ya kwamba hawezi kuzuia uso wake usikunjike mbele ya daftari, basi daftari na alikabidhi kwa kaka, kwa dada mkubwa, au kwa jirani mwenye subira, na yeye ashike ile hesabu isiyotiwa alama.

Hesabu hiyo isiyotiwa alama imejaa nyumbani, ila haina jina. Tazama saa. Wakati ambao nyumbani huitwa saa moja ya asubuhi, Kiingereza cha shuleni huuita saa saba. Mtoto wa Kigali siku zote yumo katika kujumlisha sita na kutoa sita, na wengi hufanya hivyo kabla hawajajua kusoma. Tazama tasbihi: thelathini na tatu mara tatu ni tisini na tisa, na moja ya kukamilisha mia. Mpe mtoto tasbihi aigawanye mafungu matatu sawa bila ya kutazama alama zilizotiwa kati ya shanga, utamwona akihangaika kwa furaha nusu saa. Tazama Ramadhani. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na mwaka wa jua una siku 365 au 366. Tofauti yake ni kama siku kumi na moja, ndiyo sababu Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na huchukua kama miaka 33 kuzunguka majira yote. Mtoto wa miaka tisa aulizwe: Ramadhani itakaporudi mahali hapa pa mwaka, wewe utakuwa na umri gani? Atahesabu, kisha atakutazama kwa mshangao, maana amejiona mtu mzima kwa mara ya kwanza.

Uko na mchezo wa igisoro, ndugu yake bao la pwani. Ubao wake una mistari minne ya mashimo manane, na kete zake ni 64. Wazee walioketi chini ya mti wakicheza igisoro huonekana kana kwamba wanapoteza wakati. Kumbe kila mmoja ahesabu kichwani kete zitaishia shimo gani, naye akumbuka za mwenzake, tena apanga jambo litakalotokea baada ya zamu tatu. Ikiwa iko nyumba ambayo igisoro imewekwa juu ya kabati kama pambo kwa wageni, na ishushwe. Mtoto acheze na babu yake. Katika mchezo kukosea hakuna aibu. Mtu hukosea, hushindwa, huomba mchezo wa pili. Daftari halina mchezo wa pili, na hapo ndipo penye ubaya wake.

Na juu ya haraka, neno moja. Baadhi ya wazazi hudhani ya kuwa mjuzi wa hesabu ni yule ajibuye kabla swali halijaisha, basi humpigia mtoto makofi ya kumharakisha. Mtoto aulizwe, "Umefikaje hapo?" hata kama jibu lake ni sahihi, kwani akiulizwa pale tu anapokosea atalijua swali hilo kuwa ni jina jingine la kosa.

Kwa upande wa mabinti yapasa hadhari zaidi. Katika uchunguzi wa mwaka 2010, Marekani, juu ya walimu wanawake 17 wa madarasa ya mwanzo, ilionekana ya kwamba hofu ya mwalimu haikuwadhuru wavulana, bali iliwadhuru wale wasichana waliofikia mwisho wa mwaka wakisadiki ya kuwa hesabu ni mambo ya wanaume. Msichana hutazama wanawake walio mbele yake ili ajue atakuwa nani. Ikiwa mama yake azuia kicheko cha fahari kila apatapo faida yake sawa, lakini atangaza kwa sauti kubwa ya kuwa hajui hesabu, binti atasikia lile lililotangazwa.

Wako Waislamu wanaodhani hesabu ni elimu ya watu wengine, iliyokuja nchini kwa meli pamoja na misheni. Lugha yenyewe yawakanusha. Sita, saba, tisa, ishirini, mia, elfu, nusu na robo. Hata sifuri, ambayo maana yake katika Kiarabu ni kitu kitupu: hayo yote yalifika pwani pamoja na jahazi za wafanya biashara, yakapanda bara kwa miguu ya misafara. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, yapata miaka 1,200 iliyopita, ndiye aliyeandika kitabu ambacho elimu ya aljebra ilipata jina lake kutoka humo. Na katika lugha za Ulaya zile kanuni za hatua kwa hatua ziendeshazo kompyuta na simu zaitwa kwa jina lake mwenyewe. Naye alieleza mwanzoni mwa kitabu ya kwamba amekiandika kwa haja za watu: mirathi, wasia, migawanyo, kesi, biashara na upimaji wa ardhi. Sehemu kubwa ya kitabu kile ni maswali ya mirathi. Mkubwa huyu wa hesabu alianza pale pale alipo mama wa mayai.

Mzee wa duka atoapo zaka ya fedha zake hutoa fungu moja katika arobaini. Watoto wengi hawajui jinsi azipatavyo bila ya kalamu. Hutwaa fungu la kumi, akalikata nusu, akalikata nusu tena. Katika faranga milioni moja, la kumi ni laki moja, nusu yake elfu hamsini, nusu ya hiyo elfu ishirini na tano. Na amwite mjukuu, afanye kwa sauti, mjukuu asikie. Sehemu za namna hii, ambazo darasani hutoa jasho, Kiswahili kimezipa majina mazuri: thuluthi, robo, sudusi, thumuni.

Basi yako maswali mawili, ambayo watoto walioketi mbele wameombwa wayachukue nyumbani usiku huu, na wazazi wao wameombwa wasiyajibu. Zikusanywe kokoto, au kunde, au kete za igisoro.

La kwanza. Mtu amefariki, wazazi wake walimtangulia, deni lake limelipwa, na hakuacha wasia. Ameacha mke mmoja, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Mali yake ni mbuzi wanane, wote wa thamani moja (na hili la thamani moja lisemwe mapema, maana yuko mtoto atakayeuliza habari ya beberu mkubwa). Mke ana thumuni. Inayobaki ni ya watoto, na mwana wa kiume ana fungu la binti wawili. Kila mmoja apewe mbuzi wake, wala asichinjwe hata mmoja ili kugawanywa.

La pili ni gumu kidogo. Marehemu ni mwingine, wa familia kubwa: mke, mama mzazi, wana wanane wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, waliobaki ni kama kwanza. Kokoto chache hazitatosha. Mtoto atafute mwenyewe ni kokoto ngapi atie katika bakuli, ili kila mtu apate kokoto nzima. Na mzazi, akiona mtoto amekwama, amuulize ni namba gani ndogo inayokubali kugawanywa kwa nane na kwa sita pia, kisha anyamaze, aendelee kumenya viazi.